Beefy, Yearn, Morpho na Kamino: mfuko upi unakufaa?

Ukifungua ukurasa wa Beefy, zana ya mtandaoni ya kuzalisha faida kwa sarafu za kidijitali, ukapanga mifuko yake (vault, mahali unapoweka sarafu zako zizae) kuanzia yenye faida kubwa, juu kabisa utakuta asilimia za tarakimu tatu, wakati mwingine nne. Ukishuka mpaka kwenye USDC na USDT, sarafu thabiti ambazo moja inatakiwa kubaki dola moja, namba zinatulia: 4%, 6%, 9%. Wengi huanzia juu. Mimi nakushauri uanzie chini, na asilimia uiache iwe swali la mwisho. Yapo maswali matatu yanayotangulia, nayo ndiyo yanayoamua kama mwaka utaisha ukiwa na faida au umelipa ada tu: mtaji wako unaweza kukaa kwenye mtandao gani bila kuliwa na gharama, ni nani hasa anayelipa hiyo faida, na ni nani mwenye uwezo wa kuzigusa fedha zako ukiwa umelala.

Nalinganisha zana nne zinazotumiwa na watu wanaotaka sarafu zao zizae bila kuzikodolea macho usiku na mchana: Beefy, Yearn, Morpho na Kamino. Zote unazitumia kwa kuunganisha pochi yako mwenyewe. Humkabidhi mtu sarafu zako akutunzie. Kwa nje zinafanana: unaweka, unasubiri, unatoa. Kwa ndani ni kazi nne tofauti, na hatari zake hazifanani.

Faida inatoka wapi

Vyanzo ni vichache. Kuna riba inayolipwa na wakopaji kwenye masoko ya mikopo kama Aave. Kuna ada za watu wanaobadilisha sarafu moja kwa nyingine, ambazo hugawiwa wale walioweka sarafu zao kwenye bwawa la ukwasi, yaani rundo la pamoja ambalo wabadilishaji huchukulia sarafu. Kuna malipo ya kulinda mtandao wenyewe, pale ETH (sarafu ya Ethereum) au SOL (sarafu ya Solana) zinapofungwa ili kuthibitisha miamala. Na kuna tokeni za motisha ambazo mradi huzigawa ili kuvuta fedha za watu. Hizi za mwisho ndizo zinazopandisha namba mpaka tarakimu tatu, na ndizo zinazoporomoka haraka, maana karibu kila anayezipokea anaziuza siku hiyo hiyo.

Zamani mtu alikuwa akizivuna tokeni hizo mwenyewe, anaziuza, ananunua sarafu ya mtaji, anairudisha bwawani, na kila hatua analipia gesi, yaani ada ya muamala kwenye mtandao. Mfuko wa kujiendesha unakusanya fedha za watu wengi mahali pamoja, mkataba mahiri, yaani programu inayojiendesha yenyewe kwenye mtandao, unavuna kwa niaba ya wote, na gharama inagawanywa. Huo ndio msaada wake wa kweli.

Msaada huo una kipimo chake. Riba ya 10% kwa mwaka, ukiirudisha mtajini kila siku, inakuwa 10.52%. Umeongeza nusu asilimia, basi. Lakini 100% ikivunwa kila siku inaandikwa 171%, na hapo ndipo macho ya watu yanapozama. Namba hiyo imepigwa kwa kudhani kwamba kiwango cha leo kitadumu siku 365, na bei ya tokeni ya motisha haitashuka hata senti. Kwenye kundi lolote la Telegram ukiona mtu anaahidi 1% kwa siku, jua anakuahidi mtaji wako mara 37 ndani ya mwaka. Hakuna mkopaji duniani anayelipa hivyo.

Anchor, mradi wa mikopo uliokuwa kwenye mtandao wa Terra, ilitangaza kiasi cha 19.5% kwa mwaka kwa kuweka UST, sarafu iliyotakiwa kubaki dola moja. Wakopaji hawakuwa wakilipa riba ya kutosha kubeba kiwango hicho. Pengo lilizibwa na akiba ya mradi, na Februari 2022 akiba hiyo iliongezewa takriban dola milioni 450 kwa sababu ilikuwa inakauka. Mei mwaka huo UST ilianguka, na waliokuwa wakihesabu 19.5% wakabaki na sarafu zisizo na thamani. Mtu aliyeuliza "nani analipa?" mwezi Februari alikuwa na miezi mitatu ya kutoka.

Mtandao kwanza, zana baadaye

Mtu wa Dar es Salaam, Nairobi au Kigali akinunua USDT kwa mtu kupitia simu, mara nyingi anashauriwa aitoe kwenye soko la kununulia sarafu (exchange) kwa njia ya mtandao wa TRON kwa sababu imezoeleka. Hapo tayari amejifungia mlango: kati ya zana hizi nne hakuna hata moja inayofanya kazi TRON. Kabla ya kubonyeza kutoa, amua unakwenda wapi, kisha chagua mtandao huo huo kwenye orodha ya soko. Masoko makubwa mengi yanakuwezesha kutoa USDC moja kwa moja kwenda Base, Arbitrum, Polygon au Solana. Ukifanya hivyo, huhitaji daraja kabisa, yaani huduma ya kuvusha sarafu kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na umeshakwepa hatari kubwa kuliko zote katika safari hii.

Hesabu ya gharama ni nyepesi. Tuseme una dola 300 na mfuko unalipa 6%. Kwa mwaka ni dola 18. Kama kuidhinisha, kuweka na kutoa kwenye Ethereum siku yenye msongamano kunakugharimu dola 12, umefanya kazi mwaka mzima kwa dola sita. Dola 300 hizo hizo kwenye Base au Arbitrum, gharama ya hatua zote tatu kwa kawaida haifiki dola moja, hasa tangu Ethereum ilipoboreshwa Machi 2024 na mitandao hii ya tabaka la pili, iliyojengwa juu ya Ethereum, ikapunguziwa sana gharama. Kwenye Solana ni sehemu ndogo ya senti. Kwa hiyo ukubwa wa mtaji ndio unaochagua mtandao, na mtandao ndio unaokupunguzia orodha ya zana.

Hapa Beefy inashinda kwa upana. Ilianza Oktoba 2020 kwenye mtandao wa BNB, na sasa ipo kwenye zaidi ya mitandao 20. Yearn mizizi yake ni Ethereum, ingawa ina mifuko pia Arbitrum, Polygon, Base na kwingineko. Morpho nguvu yake iko Ethereum na Base. Kamino ni ya Solana, na huko ndiko ilikozaliwa.

Neno moja linawachanganya wengi: "mitandao mingi" haina maana kwamba fedha zako zinahama. Mfuko wa Beefy ulio Base unabaki Base mpaka uutoe mwenyewe. Zipo zana nyingine zinazohamisha fedha zenyewe kutoka mtandao mmoja hadi mwingine kufuata riba, na watu huzisifu kwa hilo. Mimi naliona hilo kuwa sababu ya kujihadhari, kwa sababu kila uhamisho unapita darajani, na madaraja ndiyo yaliyoibiwa zaidi: Wormhole, Februari 2022, kiasi cha dola milioni 320, Ronin, Machi mwaka huo huo, zaidi ya milioni 600, Nomad, Agosti, takriban milioni 190. Julai 2023 Multichain ilisimama, fedha zikatoka bila maelezo, na sarafu thabiti zilizokuwa zimevushwa nayo kwenda Fantom zikapoteza thamani hata kwa watu ambao hawakuwahi kuligusa daraja hilo wao wenyewe. Walikuwa wameshika tu USDC ambayo kumbe ilikuwa stakabadhi ya Multichain. Hata BIFI, tokeni ya Beefy, ilibidi itolewe upya kwenye Ethereum.

Kwa hiyo ukifika kwenye mfuko wa "USDC", angalia ni USDC ipi. Ile inayotolewa na Circle yenyewe kwenye mtandao huo ni kitu kimoja. Iliyovushwa, ambayo mara nyingi huandikwa USDC.e, ni kitu kingine. Ukilazimika kuvuka, njia ya Circle iitwayo CCTP inachoma USDC upande mmoja na kuitengeneza upya upande wa pili, hivyo hakuna rundo la fedha linalobaki darajani likisubiri mwizi.

Beefy na Morpho, ana kwa ana

Nakaa zaidi kwenye hizi mbili kwa sababu ndizo ambazo mtu mwenye mtaji wa kati, tuseme dola 200 hadi elfu kadhaa, atajikuta anachagua kati yake.

Beefy ni mvunaji. Yenyewe haikopeshi wala haina soko lake. Inachukua sarafu zako, inaziweka kwenye mradi mwingine, inavuna, inauza, inarudisha. Ukiweka unapokea tokeni ya mfuko, jina lake linaanza na "moo". Watu wapya hushtuka wakiona tokeni hizo ni chache kuliko walichoweka na haziongezeki. Hazitakiwi kuongezeka. Ukiweka USDC 100 wakati tokeni moja ya mfuko ina thamani ya USDC 1.05, unapewa tokeni 95.24. Idadi inabaki hiyo hiyo miezi yote. Kinachopanda ni thamani ya kila moja. Siku tokeni ikifika 1.11, hizo 95.24 unazirudisha unapewa USDC 105.71. Ukitaka kujua kama mfuko unazaa kweli, usitazame asilimia iliyoandikwa. Tazama mchoro wa thamani hiyo kwa miezi iliyopita.

Ada ya Beefy hukatwa kwenye mavuno tu, mpaka 9.5% ya kilichovunwa, na asilimia unayoiona ukurasani huwa tayari imekatwa. Baadhi ya mifuko ina makato madogo ya kutoa, ya 0.1% au chini. Mtaji wako hautozwi kwa kukaa tu.

Udhaifu wake ni hatari zinazopangana tabaka juu ya tabaka. Beefy ina mifuko mingi juu ya jozi za sarafu, mfano ETH na USDC kwenye bwawa moja. Hapo hata mikataba yote ikiwa salama, bei peke yake inakula. ETH ikipanda mara mbili, kwenye bwawa la kawaida la nusu kwa nusu unabaki na thamani pungufu kwa 5.7% ukilinganisha na ambavyo ungekaa na sarafu zako mfukoni. Ikipanda mara nne, pengo linafika 20%. Ada za bwawa zinaweza kufidia, au zisifidie. Kwa anayeanza, mifuko ya sarafu moja ndiyo inayoeleweka, na kwenye Beefy hiyo ipo, baadhi ikiwa imejengwa juu ya Morpho yenyewe. Ukiingia kwenye mfuko wa namna hiyo unaubeba mkataba wa Beefy, wa Morpho, na wa kila kinachotumika kama dhamana huko chini. Ukipata 0.4% zaidi kwa kuongeza tabaka moja, jiulize kama 0.4% inatosha kulipia tabaka hilo. Kwa dola 500, hiyo ni dola mbili kwa mwaka. Mimi nisingeongeza.

Morpho ni soko la mikopo. Mifuko yake ilianza Januari 2024, juu ya mkataba wa msingi ambao hauwezi kubadilishwa na yeyote, wakiwemo walioutunga. Kila soko ndani yake limetengwa: lina dhamana moja, sarafu moja ya kukopwa, chanzo kimoja cha bei na kiwango kimoja cha juu cha mkopo. Soko moja likiharibika, jingine haliguswi. Juu ya masoko hayo kuna wasimamizi, kampuni kama Steakhouse na Gauntlet, ambao wanaamua fedha za mfuko ziende kwenye masoko gani na kwa kiasi gani. Unaweka USDC, msimamizi anaigawa, wakopaji wanalipa riba, msimamizi anachukua ada yake kwenye riba.

Kwa hiyo kwenye Morpho unachochagua kwa kweli ni mtu. Mifuko miwili yenye asilimia sawa inaweza kuwa na wasimamizi wa tabia tofauti kabisa: mmoja amekopesha kwa dhamana ya Bitcoin na ETH, mwingine kwa dhamana ya sarafu mpya ya dola inayozaa ambayo hakuna anayejua vizuri inazaaje. Ukurasa wa mfuko unaonyesha mgawanyo huo wote, soko kwa soko. Usome. Kama kwenye orodha kuna dhamana ambayo huwezi kueleza inapataje thamani yake, toka hapo.

Novemba 2025 ilionyesha kwa nini. Stream Finance, mradi uliotoa sarafu ya dola inayozaa, ilitangaza kwamba msimamizi wa nje aliyekuwa ameshika fedha zao amepoteza takriban dola milioni 93. Sarafu yao, xUSD, iliyotakiwa kuwa dola moja, ikashuka chini ya senti 30. Sarafu hiyo ya xUSD ilikuwa imepokelewa kama dhamana kwenye masoko kadhaa ya mikopo, na mifuko ya wasimamizi walioikubali ikabaki na madeni yasiyolipika. Mifuko iliyokopesha kwa Bitcoin na ETH haikupata mkwaruzo, ingawa wengi wa waliokuwa humo walikuwa wakichekwa kwa kukubali 4% au 5%.

Jambo la pili kuhusu Morpho ni kutoa. Fedha zako zimekopeshwa. Kama soko limekopwa lote, hutoi mpaka wakopaji warudishe au waweka fedha wapya waingie. Riba hupanda yenyewe wakati huo ili kuwasukuma wakopaji walipe, na kwa kawaida hali hulegea baada ya saa au siku. Lakini ada ya shule ya mtoto usiiweke mahali ambapo kutoa kunaweza kusubiri.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya hizi mbili kwa mtu mwenye USDC anayetaka utulivu, nachagua Morpho kwenye Base, mfuko wa msimamizi anayekopesha kwa dhamana kubwa zinazojulikana. Beefy naichagua pale mtu ana sarafu, au yuko kwenye mtandao, ambao Morpho haina cha kumpa, au tayari anataka kushika jozi ya sarafu na anachotafuta ni kuvuniwa tu.

Yearn

Huyu ndiye mkongwe. Andre Cronje wa Afrika Kusini aliianza mwaka 2020, na Julai mwaka huo tokeni ya YFI ikatolewa kwa idadi ya 30,000 tu, bila yeye kujiwekea hata moja. Wazo la mfuko unaohamahama kati ya masoko kufuata riba lilitapakaa kutoka hapo. Miradi mingi iliyofuata, Beefy ikiwemo, inafuata njia hiyo.

Tofauti na Beefy, ambako kwa kawaida mfuko mmoja una mbinu moja, mfuko wa Yearn wa toleo la tatu unaweza kuwa na mbinu kadhaa kwa pamoja na kuzigawia fedha kadiri riba inavyobadilika. Umejengwa kwa kiwango cha ERC-4626, ambacho kimeifanya mifuko ya miradi mbalimbali izungumze lugha moja, hivyo pochi na zana nyingi zinausoma bila shida. Zamani ada ilikuwa 2% ya mtaji kwa mwaka na 20% ya faida, mzigo mkubwa kwa mfuko unaolipa 5%. Sasa inatofautiana mfuko kwa mfuko, na imeandikwa kwenye ukurasa wa kila mmoja; hakikisha unaiona kabla hujaweka.

Historia yake ya wizi inafundisha kitu mahususi. Februari 2021 mfuko wa DAI wa toleo la kwanza ulipoteza dola milioni 11. Aprili 2023 mkataba wa yUSDT, uliobaki tangu enzi za iEarn, jina la kwanza la Yearn, mwaka 2020 ukiwa na kosa la mpangilio ambalo hakuna aliyeliona kwa miaka mitatu, ulitumika kuiba zaidi ya milioni 11. Novemba 2025 yETH, bidhaa iliyo pembeni ya mifuko mikuu, ilipoteza kama milioni 9. Mara zote mbili za karibuni mifuko ya sasa haikuguswa. Waliokuwa na fedha kwenye mifuko iliyostaafishwa au bidhaa za pembeni ndio waliokuwa hatarini. Ukiwa Yearn, au kwingine kokote, mfuko ukitangazwa umestaafu, hama wiki hiyo hiyo. Usikae kwa sababu "bado unalipa kidogo."

Yearn inamfaa mwenye mtaji unaobeba gesi ya Ethereum, anayetaka kuweka na kutofikiria mbinu. Kwa dola mia mbili tatu, sioni sababu.

Kamino

Kama tayari una SOL, huna haja ya kuvuka kwenda kokote. Kamino, iliyoanza 2022, ina soko la mikopo na mifuko ya ukwasi inayopanga upya viwango vya bei kwenye mabwawa ya Orca na Raydium, masoko ya kubadilishia sarafu ya Solana, kazi ambayo ukiifanya kwa mkono itakuchosha ndani ya wiki moja. Pochi inayozoeleka ni Phantom. Gharama ni ndogo kiasi kwamba hata dola 50 zinaweza kuingia na kutoka bila maumivu. Mtandao wa Solana umewahi kusimama, mara ya mwisho kubwa ikiwa Februari 6, 2024, kwa karibu saa tano. Kwa mwenye USDC asiyekopa, hilo ni usumbufu. Kwa aliyekopa kwa dhamana, ni saa tano ambazo hawezi kuongeza dhamana yake, kwa hiyo ukikopa huko acha nafasi kubwa. Onyo la jozi za sarafu nililolitoa kwa Beefy linahusu mifuko ya ukwasi ya Kamino kwa uzito zaidi, kwa sababu ukwasi uliobanwa kwenye wigo mdogo wa bei unaumia haraka bei inapotoka nje.

Mawakala wa akili mnemba na akiba za masoko

Siku hizi kuna mawakala wanaotumia akili mnemba kuhamisha USDC kati ya masoko ya mikopo kama Aave, Morpho na Compound kila riba inapobadilika. Wazo ni la Yearn, lakini hapa wakala anapewa ruhusa juu ya pochi yako. Swali pekee la maana ni mipaka ya ruhusa hiyo: anaweza kuhamisha kati ya masoko uliyoyataja tu, au anaweza kutuma kwa anwani yoyote? Kama jibu halijaandikwa waziwazi, usimpe.

Akiba za masoko makubwa, ambako unabonyeza mara moja na riba inaingia, ni rahisi kuliko zote nilizozitaja. Bei ya urahisi huo ni kwamba sarafu si zako tena mpaka uruhusiwe kutoa. Celsius, kampuni iliyotunza sarafu za watu kwa riba, ilifunga utoaji Juni 2022 na mwezi uliofuata ikaomba ulinzi wa mufilisi. BlockFi, kampuni ya aina hiyo hiyo, ikafuata Novemba.

Shilingi, na namna ya kutoka

Faida ya dola si faida mpaka irudi shilingi. Ukinunua USDC kwa bei iliyo juu ya soko kwa 1.5%, na kuuza chini ya soko kwa 1.5%, umeshatoa 3%. Kwa mfuko wa 6%, nusu ya mwaka umeifanyia kazi wauzaji. Hii ndiyo sababu namwambia mtu mwenye chini ya dola 200 na anayehitaji shilingi ndani ya mwaka aangalie kwanza mfuko wa soko la fedha pale Kenya, au Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS kwa Tanzania. Hana daraja wala gesi, na kuna taasisi yenye mlango anayoweza kuugonga. Lakini anayepokea malipo yake kwa USDC kutoka nje, au anayetaka akiba yake ibaki dola, hesabu yake ni nyingine, kwa sababu gharama ya kuingia haimhusu.

Sheria nazo si sawa. Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma za mali pepe Oktoba 2025, ikiwaweka chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Inasimamia masoko na mawakala. Mkataba mahiri usio na ofisi haukufidii ukiibiwa. Tanzania, Benki Kuu ilitoa tangazo la kukataza sarafu hizi Novemba 2019, na bado Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya 3% kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Weka kumbukumbu za kila muamala tangu siku ya kwanza, tarehe, kiasi na bei ya siku hiyo, kwa sababu kuzitafuta baada ya mwaka kwenye mitandao mitatu ni adhabu.

Jambo la mwisho ni ruhusa. Kila mara unapoweka sarafu kwenye Beefy, Yearn au Morpho, kwanza unatia saini kibali kinachouruhusu mkataba kuchukua sarafu hiyo kutoka pochini. Pochi nyingi hupendekeza kiasi kisicho na kikomo. Desemba 2021 wezi waliingiza msimbo kwenye ukurasa wa Badger DAO, mradi mwingine wa mifuko, watumiaji wakatia saini vibali bila kuvitazama, na takriban dola milioni 120 zikaondoka. Mikataba ya Badger haikuwa na kosa. Kurasa ndizo zilizodanganya. Kwa hiyo andika kiasi kamili unachoweka badala ya kukubali kisicho na kikomo, soma anwani inayopewa kibali uilinganishe na iliyo kwenye nyaraka za mradi, na ukishatoa fedha zako nenda kwenye tovuti ya Revoke.cash ukafute vibali vilivyobaki. Kwenye Base au Arbitrum kufuta kimoja ni senti chache. Kwenye Ethereum subiri siku ya msongamano mdogo, mara nyingi mwisho wa wiki, uvifute vyote pamoja.